UZI: Kunde na pojo zikigoma kuota huku pwani, tuitazame chumvi kabla ya kulaumu mbegu

#1 ShambaPwani (mwanzisha uzi)

Wana jamvi, salaam.

Kila masika yakikaribia malalamiko ni yale yale, kuanzia Mambrui, Gongoni na Ngomeni hadi Mokowe na visiwani Lamu. Kunde zimepandwa shamba zima, zimetoka mojamoja. Pojo zimeozea ardhini. Kisha anatafutwa wa kulaumiwa, na anayepatikana ni muuza mbegu. Mbegu mbovu zipo, sikatai. Lakini kwa mashamba yaliyopakana na mikoko, au yanayomwagiliwa kwa kisima chenye maji ya chumvichumvi, mara nyingi tatizo limekaa kwenye vidole viwili vitatu vya juu vya udongo, pale pale tunapoilaza mbegu. Mtu akishaamini kwamba mbegu ndiyo mbaya, atanunua nyingine, atapanda mahali pale pale kwa wakati ule ule, na hasara itamrudia. Ndiyo sababu nimeufungua uzi huu, na nitausema kwa urefu.

Kwanza tuelewe mbegu ya jamii ya kunde inaota vipi. Ikiwa kavu ina kiu kali. Ukiizika kwenye unyevu, saa za mwanzo inavuta maji kwa kasi, inavimba na ganda linalegea. Hilo ni jambo la kimaumbile tu, hata mbegu iliyokufa huvimba, kwa hiyo usiione imevimba ukadhani i hai. Baadaye uvutaji unatulia na kazi inahamia ndani: vimeng'enya vinaamka, akiba ya protini na wanga iliyomo katika zile nusu mbili za mbegu inavunjwa, chakula kinapelekwa kwenye kiini, utando wa seli uliokauka unajikarabati. Mwisho mzizi wa kwanza unatoboa ganda na maji yanaingia upya kwa kasi. Hapo ndipo tunasema imeota.

Chumvi huipiga safari hii kwa njia mbili, na ni lazima tuzitenganishe kwa sababu dawa zake si moja.

Njia ya kwanza ni kiu. Maji huvutwa kuelekea kule kwenye chumvi nyingi zaidi. Samaki akitiwa chumvi awe ng'onda, maji yanamtoka yenyewe bila kukamuliwa; udongo wenye chumvi huing'ang'ania maji yake kwa nguvu hiyo hiyo, mbegu ikawa imezungukwa na unyevu isioweza kuunywa. Gramu 5.8 hivi za chumvi ya jikoni katika lita moja, yaani kama kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa, zinayashikilia maji kwa nguvu ya baa 5 hivi (baa ni kipimo cha mgandamizo). Maji ya bahari, yenye gramu 35 hivi kwa lita, yanafikia baa 25. Mbegu inayopata maji kwa tabu haifi papo hapo. Inachelewa. Na huku kwetu kuchelewa pekee kunatosha kuiua: mchanga unapata moto wa jua, ukungu wa udongo unaizukia, sisimizi wanaifikia, na ule unyevu wa mvua moja uliokuwa uibebe unakwisha kabla mzizi haujashuka.

Njia ya pili ni sumu. Chumvi ikiyeyuka inakuwa sodiamu na kloridi, na hizi zinaingia ndani ya mbegu pamoja na yale maji machache. Sodiamu inang'oa kalsiamu kwenye utando wa seli, na utando bila kalsiamu unavuja. Potasiamu na sukari zinatoka nje, na sukari ikitoka nje ya mbegu basi ukungu umekaribishwa. Vimeng'enya vingi vinahitaji potasiamu vifanye kazi. Sodiamu inakaa mahali pake na haifanyi kazi yake. Homoni nazo zinavurugika: asidi abisisiki, ambayo kazi yake ni kuiambia mbegu isubiri, inapanda, na jiberelini, inayoiamsha, inashuka. Akiba imo tele ndani ya mbegu lakini haivunjwi, na kiini kinakaa na njaa karibu na ghala lililojaa.

Sasa mahali. Kwa nini vidole viwili vya juu? Wakati wa kaskazi, jua na upepo vinakausha uso wa ardhi, maji ya chini yanapanda kidogokidogo kufidia, yanafika juu, yanageuka mvuke na kuiacha chumvi. Miezi yote ya ukavu hali ni hiyo. Kwa hiyo udongo wa kina cha nusu mita unaweza kuwa wa wastani tu, lakini pale mbegu inapolala chumvi ni maradufu. Mkunde mkubwa wenye mizizi mirefu ungeweza kuishi katika shamba hilo. Mbegu haiwezi kukimbilia popote.

Na hapa kuna jambo linalowaangusha wengi: ile mvua ya kwanza, ndogo. Inayeyusha chumvi ya juu, inaisukuma chini sentimita nne au tano, halafu inakatika. Umeipeleka chumvi moja kwa moja kwenye mbegu. Aliyepanda kavu akingoja mvua, au aliyekimbilia shamba baada ya manyunyu ya kwanza, ndiye anayepigwa kwanza. Katika udongo wa chumvi nasema wazi: ngoja mvua ya kushiba. Hesabu inayotumika na wataalamu wa maji ni kwamba maji ya kina cha sentimita 15 yakipita katika udongo wa kina cha sentimita 30 yanaondoa karibu nusu ya chumvi. Ya sentimita 30 yanaondoa kama asilimia 80. Kwa hiyo kuondoa nusu ya chumvi katika sentimita 10 za juu, hapo mbegu inapokaa, kunahitaji kama milimita 50 za mvua iliyozama kweli, si iliyokimbilia mtaroni. Siku chache za kusubiri zinalipa.

Nitaendelea na vipimo. Ulizeni.

#2 NgomeniKwetu

Shukran sana, mwalimu. Mimi niko jirani na mabwawa ya chumvi, na sehemu ya chini ya shamba maji ya bamvua huingia yakijaa sana. Hapo nimeshaacha kupanda. Lakini sehemu ya juu, ambayo maji ya bahari hayafiki kabisa, kunde zinatoka kwa mabaka: hapa zimejaa, hatua tatu mbele hakuna kitu. Mbegu ni ya gunia moja. Je, hiyo ni chumvi au ni wadudu?

#3 ShambaPwani

Ndugu yangu wa Ngomeni, mabaka ni dalili kubwa ya chumvi, kwa kuwa chumvi haikai sawasawa shambani. Kidimbwi kidogo kilichokauka, tuta la zamani, mahali palipokuwa na zizi, kila mahali pana kiwango chake. Wakati wa kiangazi angalia kama baka hilo linafanya unga mweupe juu asubuhi, au kama magugu yake ni tofauti na ya penginepo. Lakini usikisie. Pima.

Kipimo cha nyumbani hakina gharama. Chukua mbegu za gunia lilo hilo, zisizotobolewa na wadudu. Tandaza vitambaa vitatu vya pamba katika sahani tatu, weka mbegu 50 kila kimoja, funika. Cha kwanza kiloweshe kwa maji ya mvua. Cha pili kwa maji ya kisima unachotumia. Cha tatu kwa maji ya udongo wako: chota udongo wa juu kwenye baka, changanya kipimo kimoja cha udongo na viwili vya maji ya mvua, koroga, acha utuame, chuja. Viweke kivulini pamoja, ongeza maji yale yale kila vinapotaka kukauka, na usiviache vielee. Maabara za mbegu huhesabu kunde mara mbili, siku ya 5 na siku ya 8. Pojo siku ya 5 na ya 7. Fanya hivyo hivyo.

Kitambaa cha mvua kikitoa chache, mbegu ndiyo mbaya na una haki ya kurudi dukani. Kikitoa nyingi na cha udongo kikatoa chache, umepata jibu lako. Tafadhali usihesabu tu zilizoota. Tazama zimeota siku gani, na lenga mzizi. Chumvi ya wastani mara nyingi haipunguzi idadi ya mwisho. Inachelewesha, na inatoa mizizi mifupi, mizito, yenye ncha iliyogeuka kahawia. Mbegu kama hiyo kwenye daftari ni "imeota". Shambani haitakuwa mche.

Halafu fanya jambo moja zaidi ambalo watu hawalifanyi, nami nalipenda kuliko yote. Zile zilizokataa kuota kwenye maji ya udongo usizitupe. Zioshe, zihamishie kwenye kitambaa cha maji ya mvua. Zikiamka zikaota, ilikuwa kiu tu: chumvi ilizizuia, haikuziua, na mvua nzuri ingeziokoa. Zikibaki, zikalainika na kutoa harufu, sumu ilishaingia. Matokeo ya kwanza yanakwambia ubadili wakati wa kupanda. Ya pili yanakwambia baka hilo linahitaji kusafishwa kwanza, au liachiwe mnazi, ambao unavumilia chumvi kuliko kunde na pojo.

#4 BintiWaHindi

Mwalimu, mimi wa Hindi, bara ya Lamu. Yangu ni tofauti kidogo. Nilifukua nikaona mbegu zimeota vizuri huko chini, shina limejikunja kama ndoana, lakini halitoki juu. Mengine yamekatika shingo. Udongo ukikauka unafanya ukoko mgumu unaopasukapasuka. Mbaazi zilizopandwa mstari wa pili zimetoka nyingi zaidi. Mama anasema ardhi ina magadi.

#5 ShambaPwani

Dada, msikilize sana mama. Yeye ameshakutofautishia mambo mawili ambayo vitabu vya udongo huyatofautisha pia. Udongo wa chumvi, kwa kipimo cha kitaalamu kilichowekwa na maabara ya chumvi ya Riverside huko Marekani mwaka 1954, ni ule ambao maji yake yanapitisha umeme kuzidi desisimensi 4 kwa mita (dS/m). Udongo wa magadi ni ule ambao sodiamu imeshika zaidi ya asilimia 15 ya nafasi za madini kwenye chembe za mfinyanzi, na ukali wake wa magadi, yaani pH, kwa kawaida unapita 8.5. Huo wa pili unaweza usiwe na chumvi nyingi kwenye maji yake. Ubaya wake ni kwamba sodiamu inazitawanya chembe za mfinyanzi; mvua ikinyesha zinaziba vitundu vyote, jua likiwaka zinakuwa ukoko.

Na ulichokiona kwa mbaazi kina maelezo. Kunde, pojo na maharagwe huota kwa kuinua zile nusu mbili za mbegu hadi juu ya ardhi. Shina linajikunja, linavuta mzigo wote kupita kwenye udongo. Likikutana na ukoko, shingo inakatika. Mbaazi huziacha nusu zake chini na kusukuma kichipukizi chembamba peke yake, kinachopenya kwenye ufa mdogo. Kwa hiyo mbaazi zako hazikushinda magadi, zimeushinda ukoko. Kwenye chumvi yenyewe mbaazi si hodari hata kidogo, usije ukaihamishia kule kwenye chumvi ya bahari kwa tumaini hilo.

Kwa shamba lako: ukoko unavunjwa taratibu kwa reki siku mbili tatu baada ya mvua, kabla miche haijagusa juu. Panda mbegu mbili tatu shimo moja, zisaidiane kuinua. Tandaza matandazo mepesi juu ya mstari, matone ya mvua yasiupige udongo. Dawa ya kudumu ni jasi pamoja na samadi iliyooza: kalsiamu ya jasi inachukua nafasi ya sodiamu, kisha mvua inaisukuma sodiamu chini. Lakini jasi hutiwa baada ya kupima udongo, kwa sababu udongo wa chumvi usio na magadi hauhitaji jasi, unahitaji maji na pa kutokea. Mtu akitia jasi pale anapoteza pesa na kuongeza chumvi nyingine juu ya ile.

#6 MzeeWaPate

Wanangu, nimesoma yote. Sisi zamani kule Pate tulikuwa na wazee waliokuwa wakiloweka mbegu katika maji ya chumvi kidogo kabla ya kupanda, wakisema zinazoea. Vijana mnasemaje?

#7 ShambaPwani

Shikamoo mzee wetu. Hilo la wazee lina msingi, na leo linachunguzwa katika maabara nyingi duniani. Mbegu ikiloweshwa kiasi ikafika kwenye ile hatua ya utulivu niliyoieleza juu, vimeng'enya vikaamka, kisha ikakaushwa kabla mzizi haujatoka, inakuwa imeshamaliza nusu ya kazi. Ikipandwa inaota mapema na kwa pamoja, na hivyo chumvi inapata muda mfupi wa kuisumbua. Wengine hutumia maji matupu, wengine chumvi hafifu, wengine chumvi ya kalsiamu, ambayo ina faida ya kuimarisha ule utando unaovuja.

Ninaloogopa ni chumvi ya jikoni mikononi mwa mtu asiye na mizani, mzee wangu. Ikizidi kidogo, sodiamu imeingia ndani ya mbegu kabla hata haijaonja shamba. Maji baridi matupu yanatoa sehemu kubwa ya faida bila hatari hiyo. Kunde au pojo ziloweke usiku, saa zisizozidi 8, kwenye maji ya mvua. Asubuhi zitandaze kivulini mpaka ganda lisishike vidole, uzipande siku hiyo hiyo kwenye udongo uliokwisha kulowa. Zikilala majini kuliko hapo zinakosa hewa, ganda linapasuka, na mbegu ya jamii ya kunde ikipasuka hivyo huoza upesi. Na ukiloweka, usipande kavu. Mbegu iliyoamshwa ikakutana na mchanga mkavu haina pa kurudi.

#8 MaabaraMezani

Naongezea kidogo, nimesomea kilimo. Tusisahau kwamba kuota si mwisho wa shida kwa mimea hii. Kunde inategemea bakteria wa vinundu, risobia, ili ipate naitrojeni ya hewani. Bakteria wengi wa aina hii wanavumilia chumvi kuliko mmea wenyewe. Kinachoshindwa ni ule mkutano wao: vinyweleo vya mizizi vinakuwa vichache, havijikunji kumkumbatia bakteria, na vinundu vinakuwa haba na vidogo. Kwa hiyo mkulima anaweza kupata miche mingi, halafu wiki za baadaye ikawa ya njano. Akaongeza mbolea bila kujua kwamba tatizo ni lile lile la mwanzo.

Jambo la pili, kwa wanaopenda kutembea ufukweni: kuna ndugu wa kunde anayeota mchangani kabisa kwenye pwani za joto, na pwani yetu imo. Kitaalamu ni Vigna marina, anatambaa, ana maua ya njano. Watafiti wa Japani wamemchunguza kwa sababu anastahimili chumvi ambayo kunde yetu haiwezi. Mbegu zake zina ganda gumu lisilopitisha maji, huelea baharini zikafika ufukwe mwingine zikiwa hai. Yaani uwezo umo katika ukoo huu wa kunde. Haujafika tu shambani kwetu.

#9 KisimaShela

Assalam aleikum. Mimi nina bustani ndogo kisiwani Lamu, namwagilia kwa kisima. Maji yakionjwa mwezi wa saba ni matamu, ikifika mwezi wa pili yana chumvi. Nimenunua kile kipima chumvi cha mkononi lakini sijui kukisoma. Kinaonyesha EC na ppm. Maji ya namna gani yanafaa kuoteshea kunde, na yapi ya pojo?

#10 ShambaPwani

Waaleikum salaam. Swali zuri, na kisima chako kinaeleza kisiwa kizima. Maji baridi ya Lamu ni ya mvua iliyozama kwenye vilima vya mchanga vya Shela, ikakaa juu ya maji ya bahari kwa kuwa ni mepesi zaidi. Kwa kila mita moja ya maji baridi iliyo juu ya usawa wa bahari, kuna kama mita 40 chini yake. Hesabu hiyo inafanya kazi pande zote mbili: ukivuta maji yakashuka kidogo tu, maji chumvi yanapanda sana kutoka chini. Kiangazi mvua haiongezi, watu na wageni wanavuta, ndipo unapoonja chumvi. Chota taratibu, asubuhi na jioni, badala ya pampu kubwa kwa mpigo mmoja. Na vile vilima vya Shela vibaki mchanga wazi unaokunywa mvua. Mimi hili nalishikilia kwa moyo wote: kunde za bustani yako na maji ya kunywa ya mji vinatoka kwenye mchanga huo huo.

Kipima chako soma EC, yaani jinsi maji yanavyopitisha umeme, achana na ppm, maana watengenezaji wengine huzidisha EC kwa 500, wengine 640 au 700, na tunabaki kubishana. Kikionyesha maikrosimensi, gawanya kwa 1,000 upate dS/m. Maji ya chini ya 0.7 hayana shida. Kati ya 0.7 na 3 unahitaji uangalifu. Ya kupita 3 ni hatari kwa mimea mingi.

Kwa mimea yetu, takwimu zinazotumika zaidi zilianza kukusanywa na Maas na Hoffman mwaka 1977, nyingine, kama za kunde na pojo, zikaja na utafiti wa baadaye, nazo ni za chumvi ya udongo. Maharagwe yanaanza kupoteza mavuno udongo ukipita 1 dS/m, na kila kizio kimoja kinachozidi kinakata asilimia 19. Yaani kwenye udongo wa 4 yameshapoteza asilimia 57. Pojo huanza 1.8. Njugu nyasa 3.2, lakini zikishaanza kuanguka zinaanguka kwa kasi ya asilimia 29. Kunde huvumilia mpaka 4.9, kisha asilimia 12. Ukimwagilia vizuri, kiasi kwamba sehemu ya maji inapita chini ya mizizi, udongo huwa na chumvi kama mara moja na nusu ya maji uliyotia. Kwa hiyo kunde inaweza kwenda na maji ya 3.3 hivi, na maharagwe hayapaswi kupita 0.7. Kumbuka hizi ni namba za mmea ulioshika, si za mbegu. Kwa siku za kuotesha tumia maji ya mvua uliyoyakinga kwenye tangi, hata kama ni kidogo, mpaka miche itoe majani matatu. Ya kisima yaje baadaye.

Kama bustani yako ni ya matuta yenye mitaro, usipande kileleni. Maji yakipanda kutoka mtaroni yanaibeba chumvi yote mpaka katikati ya kilele na kuiacha hapo. Panda begani mwa tuta, karibu na maji. Kwa mpira wa matone ni kinyume cha wanavyofanya wengi: mbegu ikae karibu na tone, si kwenye ukingo wa baka bichi, maana ukingoni ndiko chumvi inakosukumwa. Na umwagiliaji wa mara kwa mara kwa kiasi cha kutosha ni bora kuliko kunyunyiza juujuu kila jioni. Kunyunyiza kunaongeza chumvi juu bila kuisukuma chini.

#11 BintiWaHindi

Ahsante, mwalimu. La mwisho. Huku tunatia mbolea ya dukani shimoni pamoja na mbegu, wengine samadi ya kuku, wengine jivu. Ina uhusiano na haya?

#12 ShambaPwani

Upo, dada, mkubwa. Mbolea ya viwandani ni chumvi nayo, hata kama si ya bahari. Punje zake zikigusana na mbegu, hiyo mbegu imezungukwa na maji makali kuliko ya kisima chochote cha Lamu, na mimea ya jamii ya kunde ni miongoni mwa inayounguzwa haraka. Iweke pembeni ya mbegu kwa vidole vitatu na chini kidogo, pakiwa na udongo katikati. Samadi ya kuku isiyooza ina chumvi nyingi pia; iache iive na kunyeshewa kwanza, au itangulie shambani mapema kabla ya kupanda. Samadi ya ng'ombe iliyooza ni salama zaidi, na inasaidia udongo kupitisha maji. Jivu lina chumvi zake na linapandisha magadi. Kwa shamba lako lenye ukoko silitaki kabisa. Lipeleke kwenye udongo mchachu kama unao.

Ndugu wa Ngomeni, ukimaliza vile vitambaa vitatu tuwekee hapa hesabu ya siku ya 5 na ya 8, na urefu wa mizizi. Tutayasoma matokeo pamoja kabla hujatoa hela ya mbegu nyingine.